Picha Isiyo na Usuli

Ukungu ushukapo asubuhi kutoka msitu wa Chome, mwanafunzi wa Mhezi huiona migomba ya ng'ambo ya bonde kama kivuli cha kijivu. Migomba hiyo haionekani barabara, wala haijafichika kabisa. Nuru inayolifikia jicho la mwanafunzi huyo ni mchanganyiko: sehemu imetoka kwenye majani ya migomba, na sehemu imetoka kwenye ukungu wenyewe. Kadiri ukungu unavyozidi kuwa mzito ndivyo sehemu ya pili inavyoongezeka na ya kwanza inavyopungua, hadi migomba ipotee. Kanuni hiyo hiyo ya mchanganyiko ndiyo hutumiwa na kompyuta inapohifadhi picha yenye usuli angavu, yaani picha ambayo sehemu yake ya nyuma haina kitu, hata ikiwekwa juu ya picha nyingine ile ya chini huonekana.

Kata ya Mhezi imo katika Wilaya ya Same, kwenye milima ya Upare wa Kusini, ambayo kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Katika milima hiyo, na si penginepo duniani, huishi ndege mdogo ambaye wataalamu humwita Zosterops winifredae, aina mojawapo ya vinengenenge. Alielezwa kisayansi mwaka 1934, na jina lake ni kumbukumbu ya Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege Reginald Moreau. Mgongo wake ni wa kijani, koo lake ni la manjano, tumbo lake ni la kijivu, na jicho lake limezungukwa na duara la manyoya meupe. Duara hilo si pambo tu. Upana wake ni miongoni mwa alama zinazomsaidia mtazamaji kutofautisha vinengenenge wa milima mbalimbali. Jamaa yake wa Kilimanjaro na Meru, Zosterops eurycricotus, amepewa jina lenye maana ya duara pana.

Na ichukuliwe kwamba wanafunzi wamemchora kinengenenge wa Upare kwa rangi kwenye karatasi nyeupe, na mchoro wao ukapigwa picha na kuingizwa katika kompyuta. Mwalimu wao wa Baiolojia anataka kumweka ndege huyo juu ya ramani ya kijani inayoonyesha misitu ya milima yao. Akimweka kama alivyo, ndege huja pamoja na mstatili wa karatasi yake, nao huifunika ramani. Lazima karatasi iondolewe na ndege abaki. Kazi ya kumkata ndege kwa uangalifu, unyoya kwa unyoya, huweza kuchukua saa kadhaa. Kazi hiyo huweza pia kupotea kwa sekunde moja, mwalimu akichagua muundo wa faili usiofaa.

Namba ya nne

Picha ya kompyuta ni safu za nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kila nukta hupewa namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, na kila namba huanzia 0 hadi 255. Nukta nyeusi ni 0, 0, 0. Nukta nyeupe ni 255, 255, 255. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, nao hawastahili kulaumiwa sana, kwa kuwa karatasi imewazoesha kudhani kwamba palipo peupe hapana kitu. Kwa kompyuta, weupe ni rangi kamili sawa na rangi nyingine yoyote. Katika namba zile tatu hakuna mpangilio wowote uwezao kusema: "Hapa hapana kitu."

Kwa hiyo inahitajika namba ya nne. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Alvy Ray Smith na Ed Catmull, waliokuwa wakifanya kazi katika chuo cha teknolojia cha New York, waliamua kwamba kila nukta ibebe pamoja na rangi zake kipimo cha jinsi inavyofunika kilicho nyuma yake. Wakakiita alfa, kwa herufi ya Kigiriki. Alfa ikiwa 0, nukta haifuniki chochote. Ikiwa 255, hufunika kabisa. Baina ya hapo hufunika kwa sehemu, kama ukungu. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni kamili za kuunganisha picha za namna hiyo.

Kanuni iliyo kuu ni nyepesi. Namba ya rangi ya kitu ikiitwa P, ya usuli ikiitwa U, na alfa ikiandikwa kama sehemu ya moja, matokeo M hupatikana hivi:

M = aP + (1 – a)U

Mtu aliyewahi kutumia stensili katika mashine ya kurudufia atadhani kwamba alfa mbili zingetosha, yaani wino upite au usipite. Kwa herufi za mtihani zingetosha. Lakini ukingo wa unyoya haufuati mipaka ya nukta. Nukta moja huweza kuangukia nusu kwenye unyoya na nusu nje yake, na nukta hiyo ikilazimishwa kuwa ndani au nje kabisa, ukingo huwa na meno kama msumeno.

Na tujalie kwamba nukta moja ya ukingoni ina alfa 0.4 (katika faili huandikwa 102, kwa kuwa 0.4 mara 255 ni 102), na kwamba kijani cha unyoya ni 120. Juu ya karatasi nyeupe, ambayo kijani chake ni 255, matokeo ni 48 + 153, yaani 201. Juu ya ramani, ambayo kijani chake ni 60, matokeo ni 48 + 36, yaani 84. Unyoya ni ule ule, lakini namba hizo mbili zimetengana sana. Mtu akimkata ndege kutoka kwenye karatasi bila kuzingatia alfa, nukta za ukingoni huhamia kwenye ramani zikiwa bado na 201 mahali panapotakiwa 84. Huo ndio mzingo mweupe uonekanao pembeni mwa picha nyingi zilizokatwa ovyo: ni mabaki ya karatasi ya zamani.

Miundo ya mafaili

Muundo wa GIF ulitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na toleo la mwaka 1989 liliongeza uangavu. Faili la GIF huwa na jedwali la rangi zisizozidi 256, na rangi moja katika jedwali hilo huweza kuteuliwa iwe angavu. Kila nukta yenye rangi hiyo huachwa wazi, popote ilipo. Mwalimu akiteua weupe, karatasi hutoweka, na pamoja nayo hutoweka duara la jicho la ndege. Mahali pake huonekana kijani cha ramani. Mwanafunzi atakayejifunza kwa bango hilo atakuwa amefundishwa ndege asiyekuwapo. Mwalimu mwangalifu huweza kuliepuka kosa hilo kwa kuipa karatasi rangi ambayo ndege hana, lakini meno ya msumeno hayaepukiki, maana GIF haijui alfa ya 0.4.

JPEG, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992, ilitungwa kwa ajili ya picha za kamera. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kugawa picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8 na kutupa mabadiliko madogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Kwa mandhari ya milima ni muundo mzuri mno. Lakini katika faili la kawaida la JPEG hakuna nafasi ya namba ya nne. Picha yenye usuli angavu ikihifadhiwa humo, programu haina budi kuujaza usuli kwa rangi fulani, aghalabu nyeupe, pengine nyeusi. Isitoshe, palipo na ukingo mkali huzuka madoadoa, kwa hiyo hata weupe wenyewe haubaki weupe mtupu, na kumkata ndege mara ya pili huwa kugumu kuliko mara ya kwanza.

PNG ilizaliwa katika ugomvi. Mwishoni mwa mwaka 1994 ilitangazwa kwamba watungaji wa programu zinazotumia GIF wangedaiwa ada, kwa kuwa njia ya ubanaji iliyomo ndani yake, iitwayo LZW, ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Mwezi Januari 1995 kundi la watu waliojitolea lilianza kutunga muundo usio na ada, na tarehe 1 Oktoba 1996 shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliupitisha. Hataza ya LZW nchini Marekani ilikwisha mwaka 2003, lakini kufikia hapo PNG ilikuwa imekwisha kujipatia nafasi yake, na kwa haki. PNG hubana bila kutupa chochote, na huweza kuhifadhi alfa ya kila nukta kwa viwango 256 au zaidi. Gharama yake ni nafasi. Picha ya nukta 1,000 kwa 800 huhitaji baiti 2,400,000 kwa rangi peke yake, na baiti 3,200,000 ikiongezwa alfa, kabla ya kubanwa. Kwa kuwa usuli angavu ni namba zile zile zinazojirudia, hubanwa vizuri sana.

Kuna pia WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, ambayo nayo huhifadhi alfa. Kwa matumizi ya shule PNG yatosha.

Udanganyifu wa miraba

Programu za picha huonyesha usuli angavu kwa miraba midogo ya kijivu na nyeupe, mithili ya ubao wa drafti. Miraba hiyo haimo katika picha. Ni alama tu ya kumwambia mtumiaji kwamba hapo hapana kitu. Hata hivyo, picha nyingi zinazosambazwa zimechorwa miraba hiyo ndani yake kama rangi za kawaida. Njia ya kuzitambua ni kuiweka picha juu ya rangi kali, kama nyekundu. Miraba ikibaki, uangavu ni wa uongo.

Hali kadhalika, kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png hakubadilishi kilichomo. Kila faili la kweli la PNG huanza na baiti nane zisizobadilika: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Ya pili, ya tatu na ya nne ni herufi P, N na G katika hesabu ya kompyuta. Programu nyingi husoma baiti hizo, hazitegemei jina la nje.

Hatari nyingine imo safarini. Huduma nyingi za kutumia ujumbe wa simu huigeuza picha kuwa JPEG zinapoituma, ili kupunguza gharama ya data. Mwalimu wa Mhezi anayempelekea mwenzake wa Same mjini PNG kwa njia hiyo huenda akampelekea mstatili mweupe. Faili litumwe kama waraka, wala si kama picha. Na katika programu ya GIMP, ambayo hutolewa bila malipo, amri ya kuhifadhi hutoa faili la XCF lenye tabaka zote za kazi, ilhali PNG hupatikana kwa amri ya kusafirisha nje. Mafaili yote mawili yatunzwe: la kwanza kwa marekebisho ya baadaye, la pili kwa matumizi.

Kinachopotea na kinachoweza kurudishwa

Alfa ikishapotea, je, haiwezi kukokotolewa upya? Tuseme tuna 201 peke yake, na inajulikana kwamba usuli ulikuwa 255. Bado hatujui a wala P: mlinganyo ni mmoja na visivyojulikana ni viwili. Unyoya mweusi wenye alfa ndogo na unyoya wa kijivu wenye alfa kubwa huweza kutoa 201 ile ile.

Lakini kitu kile kile kikipigwa picha mara mbili, juu ya usuli mbili tofauti zinazojulikana, milinganyo huwa miwili. Ikitolewa mmoja kwa mwingine, P hutoweka:

M₁ – M₂ = (1 – a)(U₁ – U₂)

Kwa namba za hapo juu, 201 – 84 ni 117, na 255 – 60 ni 195. 117 ikigawanywa kwa 195 hutoa 0.6, kwa hiyo alfa ni 0.4, na P hurudi kuwa 120. Alvy Ray Smith na James Blinn walieleza njia hii mwaka 1996. Ni aljebra ya sekondari.

Zoezi

Unyoya wa kuku umewekwa juu ya kadi nyeupe, ukapigwa picha, kisha juu ya kadi nyeusi, ukapigwa tena. Kijani cha kadi nyeupe ni 240 na cha kadi nyeusi ni 20. Nukta moja ya ukingoni imesoma 180 katika picha ya kwanza na 48 katika ya pili. Tafuta alfa ya nukta hiyo, kisha tafuta kijani cha unyoya wenyewe. (Majibu: 0.4 na 90.)

Darasa likilifanya jaribio lenyewe, kamera na unyoya visisogee hata kidogo. Afadhali kadi zivutwe kutoka chini ya kioo kilichoinuliwa, ili pia kivuli kisiangukie kwenye kadi. Kamera ya simu hujiongezea nuru yenyewe ikiona kadi nyeusi, kwa hiyo kipimo chake cha nuru kifungwe kabla ya picha ya kwanza. Namba za faili la kawaida haziongezeki sawia na kiasi cha nuru. Kwa sababu hiyo alfa itakayopatikana ni ya kukadiria, na wanafunzi wawili wakipata 0.38 na 0.43 kwa nukta moja, wote wawili wamepima vema.