Mwalimu Mmoja, Watoto Kumi na Watano

Kila msimu wa kuchagua sekondari, wazazi wanaozungumza Kiswahili mijini Marekani hunijia na swali lilelile. Wengi ni familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na nyinginezo. Mtoto aende shule kubwa ya karibu na nyumbani, au ile ndogo isemayo inalea na kuandaa watoto kwa chuo? Nayajibu hapa maswali yao nikitumia zaidi mfano wa Met, shule ya mjini Providence, jimbo la Rhode Island.

Mwalimu, shule ya namna hii si ya wenye pesa?

Hapana. Met ni shule ya umma, hailipiwi ada. Ilifunguliwa mwaka 1996 na waelimishaji wawili, Dennis Littky na Elliot Washor, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 2000.

Kila shule siku hizi inasema inalea. Hawa wana nini zaidi?

Swali hili ndilo ningependa kila mzazi aanze nalo. Pale Met, mwalimu mmoja hukabidhiwa wanafunzi wapatao 15, na mpango wa shule tangu mwanzo ulikuwa abaki nao miaka yote minne. Hajui alama zao tu. Anajua nani analala na wadogo zake watatu chumba kimoja, nani anafanya kazi usiku, nani amefiwa.

Halafu siku mbili za wiki, kwa desturi Jumanne na Alhamisi, mwanafunzi hakai darasani. Anakwenda kazini: hospitali, karakana, studio, ofisi. Huko anapata mtu mzima wa fani hiyo anayemfundisha kazi, naye ni mlezi wa pili. Kila baada ya miezi michache kijana husimama mbele ya mwalimu, mzazi, wenzake na mlezi wa kazini, akaeleza alichojifunza na kujibu maswali. Mwaka wa mwisho huandika tawasifu yake, kurasa 75. Nimewaona vijana ambao hawakuwahi kumaliza insha ya ukurasa mmoja wakiandika mambo mazito kuhusu safari ya mama zao. Kijana anayeweza kusimulia maisha yake hivyo haogopi barua ya maombi ya chuo.

Nanyi wazazi, kiti chenu kwenye kikao hicho msikiache wazi kwa kuogopa Kiingereza. Sheria za Marekani zinazitaka shule za umma ziwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa. Ombeni mkalimani mapema, na msikubali mtoto awe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye mwenyewe.

Je, udogo wenyewe unasaidia?

Unasaidia, ila hautoshi. Mjini New York, enzi za Meya Michael Bloomberg, sekondari kubwa zilizokuwa zikifeli zilifungwa na ndogo nyingi zikafunguliwa, zenye wanafunzi kama 100 kwa kila kidato. Kwa kuwa waombaji walipozidi nafasi ziligawiwa kwa namna ya bahati nasibu, watafiti wa shirika la MDRC waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa. Waliopata walihitimu zaidi, kwa tofauti ya pointi 9 hivi za asilimia. Lakini mwaka 2009 Bill Gates, ambaye taasisi yake ilitoa fedha nyingi kwa shule ndogo nchini Marekani, aliandika kwamba nyingi ya shule hizo hazikuinua ufaulu kwa kiasi cha maana. Mimi nayasoma haya mawili pamoja: shule ndogo ambayo bado hakuna anayemjua mtoto kwa undani ni shule kubwa iliyopunguzwa tu.

Mwanangu anataka udaktari. Hisabati na maabara zitatosha?

Hapa ndipo penye udhaifu. Shule ndogo ina walimu wachache, hivyo masomo ya juu ya sayansi huenda yasiwepo yote. Ulizeni hisabati inafika wapi, na kama mwanafunzi anaweza kusoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari. Mkijibiwa kwa kuzungukazunguka, mmeshapata jibu.

Binti yetu alipata chuo, tukasherehekea. Septemba ikafika hakwenda. Tulikosea wapi?

Poleni sana. Hamkuwa peke yenu. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya vijana 10 na 20 katika kila 100 waliokusudia kwenda chuo hupotea kiangazi hicho cha kati ya sekondari na chuo, na kwa familia zenye kipato kidogo ni zaidi. Sekondari imeshamwachilia, chuo hakijampokea, na katikati zinakuja barua za ada, bima, bweni, chanjo. Mmoja wa waliochunguza jambo hili, Ben Castleman, aliwahi kuwa mwalimu hukohuko Providence. Yeye na wenzake waliwapa baadhi ya wahitimu mshauri wa kuwafuatilia kiangazi, na hao wakaingia chuoni kwa wingi kuliko wenzao. Kilichotumika ni simu, mikutano, na mtu wa kusoma zile barua pamoja na kijana.

Fedha tutatoa wapi?

Jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Ruzuku ya Pell, inayobeba jina la Claiborne Pell, aliyekuwa seneta wa Rhode Island hiyohiyo, hairudishwi kama mkopo. Kwa mwaka wa masomo 2024-25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Wakimbizi waliopokewa kisheria wamekuwa miongoni mwa wanaostahili kuomba. Msingoje uraia.

Tukienda kutembelea shule, tuulize nini?

Chama cha washauri wa shule Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zimezidi kiwango hicho. Kwa hiyo ulizeni mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi. Kisha mwombeni mwalimu awaeleze mwanafunzi mmoja anayemlea, bila kumtaja jina, na msikilize anamfahamu kiasi gani. Mwisho ulizeni hili, na jibu mliandike: mwezi wa Julai, baada ya mahafali, nani atampigia simu mtoto wetu?