Dondoo muhimu: Kasi ya puli kwenye mashine ya kusaga
Unapobadili puli ya mashine ya kusaga muhogo hapa Kalemie, piga hesabu kwanza. Zidisha mizunguko ya injini kwa kipenyo cha puli yake, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Injini ya mizunguko 2,200 kwa dakika yenye puli ya milimita 150, ikivuta puli ya kinu ya milimita 100, huzungusha kinu mara 3,300 kwa dakika. Pima pale mkanda unapokaa, si ukingoni.

Usipite kamwe kasi iliyoandikwa kwenye kibati cha kinu! Kasi ikiwa maradufu, nguvu inayovuta nyundo za kusagia ndani ya kinu kwenda nje huwa mara nne, na nyundo ikikatika inaweza kuua. Unga wa bukari (ugali) ukitoka chenga, usikimbilie kuongeza kasi; angalia kwanza chekeche iliyotoboka na mkanda unaoteleza.