Boksi Linasema 1200: Mafunzo Niliyopata kwa Ruta za Nyumbani

Vijana wa ukoo wetu wakianza kufanyia kazi nyumbani hunipigia simu: "Shangazi, shikamoo. Ninunue ruta gani?" Hunipigia mimi kwa sababu ni mkalimani, na tangu mikutano ihamie kwenye video mwaka 2020, riziki yangu hupita kwenye kijiboksi chenye taa za kijani. Wanangoja niwatajie jina la kampuni. Mimi nawauliza nyumba imejengwa kwa nini, chumba cha kazi kiko wapi, na umeme wa mtaani kwao una tabia gani. Wengine hudhani uzee umenianza vibaya. Lakini ruta zote zilizonitesa zilikuwa nzuri tu. Zilifaa nyumba ya mtu mwingine.

1. Kagua ukuta kwanza

Dada yangu anaishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nusu mita na zaidi. Ruta ilikuwa ukumbini chini, mwanawe akisomea ghorofa ya pili, na waifai ilikuwa ikifika ngazini inakata tamaa. Mimi mjuaji kutoka Dar nikavuka na boti nikiwa na ruta ya antena sita. Tukaiwasha kwa shangwe. Simu ya kijana kule juu ikaonyesha waifai imepanda vizuri, na bado ukurasa haukufunguka.

Fundi alipokuja alinieleza jambo ambalo muuzaji hakunieleza: waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu itaisikia, lakini simu nayo lazima ijibu, na antena yake ni ileile ndogo. Isitoshe, nguvu ambayo ruta inaruhusiwa kurusha hewani ina kikomo cha kisheria, kwa hiyo ya bei mbaya na ya bei poa hupaza sauti karibu sawa. Akapitisha waya kwenye tundu la bomba la zamani hadi juu, akaunga ruta kuukuu tuliyokuwa tumeshaiweka kwenye mfuko wa taka. Kijana akasoma. Antena sita zangu nikarudi nazo Dar.

Tangu hapo naangalia nyumba kabla ya duka. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya taratibu na yamejaa majirani. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani. Tofali za saruji hula sehemu yake, zege la ghorofa lenye nondo hula zaidi, na tanki la maji, friji na kioo kikubwa cha kabati navyo havibaki nyuma. Chumba kimoja na sebule? Ruta yoyote ya heshima iliyowekwa katikati, juu ya kabati, itatosha. Nyumba ndefu au ya ghorofa? Usinunue ruta moja kubwa. Nunua mbili za kawaida na waya katikati yake. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Ila uliza kama ni shaba tupu, maana zipo za alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho hutazitofautisha mpaka uukwangue.

2. Namba ya kwenye boksi ni hesabu ya muuzaji

Boksi linaposema AC1200, wamechukua megabiti 300 za masafa ya 2.4, wakajumlisha na 867 za masafa ya 5, wakapata 1167, halafu wakaikuza kidogo ipendeze. Kwa kawaida simu yako hutumia masafa mamoja kwa wakati mmoja. Na hata hayo 867 ni ya maabara. Sebuleni shukuru ukipata nusu. La kuchekesha zaidi, baadhi ya ruta za namba hiyo zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu, kwa hiyo intaneti inaingia kwa 100 hata kama boksi limeandikwa elfu. Geuza boksi, soma maandishi madogo, tafuta neno "gigabit" kwenye matundu.

Hesabu zangu mwenyewe hazikuwa bora. Nilikuwa nalipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, kompyuta ikinionyesha 2.5 ninapopakua faili. Nikapiga simu huduma kwa wateja kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Binti wa upande wa pili akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Mama, hiyo B unayoiona hapo ni kubwa au ndogo?" Ilikuwa kubwa. Baiti moja ni biti nane, na 20 ukigawa kwa 8 unapata 2.5. Nilikuwa napata kila senti ya nilicholipia. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kunywa maji.

3. Kasi ya kupakia ndiyo inayobeba sauti yako

Hili ndilo lililonigharimu kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila alasiri sauti yangu ilianza kukatika mkutanoni. Wajumbe wakawa wanasikia mwanzo wa sentensi na mwisho wake, na kwa mkalimani katikati ndipo penye mkate. Nikapandisha kifurushi. Pakawa palepale. Nikanunua ruta nyingine. Palepale. Mteja mmoja akaacha kuniita, na sikumlaumu.

Sababu ilikuwa mzee wangu. Akirudi kutoka matembezini, simu yake inashika waifai na kuanza kupakia picha na video za harusi za ukoo mzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwenye vifurushi vingi njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ya kupakua, na ikijaa, ruta ya kawaida inapanga data kwenye foleni ndefu bila kujali kilicho cha haraka. Sauti yangu ilikuwa imesimama nyuma ya keki ya harusi.

Wataalamu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kudhibiti foleni hiyo, wakaiita CoDel, na leo vizazi vyake vimo ndani ya ruta nyingi zinazoweza kuwekewa programu huria ya OpenWrt, na katika baadhi ya ruta za dukani. Kwenye mipangilio utaiona kwa herufi SQM, au mara nyingine QoS, ingawa si kila QoS ina akili hiyo. Unaiambia kasi yako halisi ni ngapi, unapunguza kama asilimia kumi ili foleni ijipange kwenye ruta yako na si kwa mtoa huduma, basi. Nilipofanya hivyo nikarudi kwenye kifurushi cha chini, na video za harusi zikaendelea kupaa bila mtu kukatika maneno.

Ukitaka kufundisha, kurekodi au kukutana na wateja mtandaoni, lijaribu hili kabla hujanunua chochote kipya: piga simu ya video huku mwenzako akipakia faili kubwa. Mazungumzo yakivurugika, umeshajua pa kuanzia.

4. Ruta ya laini ina lugha zake

Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani na zawadi: ruta nzuri ya 4G, ya kuchomeka laini. Nikaweka laini, nikatembea nayo chumba hadi chumba, waya wa umeme ukiburuta nyuma, kama mama anayefukiza nyumba kwa chetezo. Haikushika mnara. Kumbe kwanza ilikuwa imefungiwa mtandao wa huko. Na hata ilipofunguliwa, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya bendi za Marekani, kama 12, 13, 66 na 71, wakati huku kwetu zilizozoeleka kwa 4G ni bendi 3 ya megahezi 1800, bendi 20 ya 800 na bendi 28 ya 700. Shemeji sikumwambia. Akiuliza, namjibu inafanya kazi.

Kwa hiyo kwa ruta ya laini uliza mambo matatu: bendi zake, kama haijafungiwa mtandao mmoja, na kama ina matundu ya kuunga antena ya nje. Ukiwa nje ya mji, hilo la tatu ndilo litakalokuokoa. Ndani ya mipangilio tafuta namba inayoitwa RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara. Karibu na -80 ni raha. Ikishuka kuelekea -110, hamisha ruta dirisha lingine kabla ya kulaumu bando.

5. Umeme huua chaja kabla ya ruta

Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 nilinunua betri ndogo ya ruta, ile ya kutoa volti 12. Umeme ulipokatika taa za ruta zikabaki zinawaka, nikatabasamu. Intaneti haikuwepo. Nilikuwa nimesahau kijiboksi cheupe cha ukutani ambamo faiba inaingia. Nacho kinakula umeme, nacho kilikuwa kimelala. Hesabu vifaa vyote vilivyo kati ya faiba na kompyuta yako, ndipo ununue betri yenye matundu ya kutosha.

Maandishi ya betri hizo nayo yasomwe kwa jicho la pili. Iliyoandikwa 8800 mAh huwa inahesabu kwa volti 3.7 za ndani, yaani kama wati 32 kwa saa moja. Ruta na kile kijiboksi vikila wati 12 kwa pamoja, ukipata saa mbili na robo umefanikiwa.

Na hili nililijua nikiwa nimeshatupa ruta nzima: umeme unaporudi kwa kishindo, mara nyingi kinachoathirika kwanza ni chaja. Ruta inaanza kujizima na kujiwasha, hasa watu wakijaa jioni, nawe unahukumu kwamba imekufa. Tafuta kwanza chaja nyingine yenye volti zilezile, ampea sawa au zaidi, na pini ya umbo lilelile na upande uleule wa chanya.

6. Umri wa ruta uko kwenye masasisho

Binti wa jirani alikuja kuchukua ufunguo, akasubiri chai. Kabla chai haijachemka alikuwa ndani ya mipangilio ya ruta yangu. Jina la mtumiaji: admin. Neno la siri: admin. "Mama, hivi ndivyo ilivyotoka dukani," akasema, na hakusema zaidi.

Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilizunguka dunia vikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yanayokaribia 60 tu, na hiyo ikatosha kuteka kamera na ruta nyingi kiasi kwamba tarehe 21 Oktoba jeshi la vifaa hivyo lilishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Miaka miwili baadaye VPNFilter ikaingia kwenye vifaa zaidi ya nusu milioni, vingi vyake ruta za nyumbani. Uingereza ikaishia kutunga sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 vifaa vya aina hii haviruhusiwi kuuzwa vikiwa na neno la siri la kubahatisha kirahisi, na mtengenezaji lazima atangaze atavitolea masasisho ya usalama mpaka lini.

Tangazo hilo tunaweza kulisoma hata sisi. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya mtengenezaji ukiwa palepale dukani, andika namba ya modeli, uone sasisho la mwisho lilitoka lini. Kama ni miaka mitatu iliyopita, hiyo ruta ni marehemu anayeuzwa. Kwa ulinzi wa waifai, ikiwa WPA3 haipo, WPA2 bado inakubalika. WPS, njia ya mkato ya kuunga vifaa bila kuandika neno la siri, izime siku hiyohiyo.

7. Mara nyingine kosa liko baharini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipodorora, nilizima, nikawasha, mwishowe nikachukua pini nikabonyeza kile kitundu cha nyuma. Mipangilio yote ikafutika, pamoja na ile aliyoweka mtoa huduma. Baadaye nikasikia kwamba nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikuwa zimepata hitilafu, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa inahangaika. Mtandao wa wengine ukarejea. Wangu ukangoja fundi.

Piga picha kurasa za mipangilio uzihifadhi kwenye simu. Taa ya LOS kwenye kijiboksi cha faiba ikiwa nyekundu, tatizo liko kwenye faiba na si ruta. Na kile kitundu cha pini kiwekee plasta.

8. Dukani

Ukienda Kariakoo, nenda asubuhi, muuzaji akiwa bado na subira. Mwambie aiwashe mbele yako, unganisha simu, toka nje ya duka hatua kadhaa uone. Angalia chaja yake inakubali volti 230 na ina pini tatu za kwetu. Dhamana iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya kifaa, si kwa mdomo. Akikataa kuiwasha kwa sababu "boksi likifunguliwa halirudi," mshukuru, aga, uvuke barabara. Upande wa pili kuna duka jingine lenye boksi lilelile.