NEMBO YA KIKUNDI: UWAZI WAKE USIPOTEE



Katika somo hili tutazungumza juu ya nembo, yaani ule mchoro tunaouweka kwenye lebo, fulana, bango na barua za kikundi. Vikundi vingi siku hizi vina nembo nzuri. Lakini faili yake haitunzwi vizuri, na hasara huonekana siku ya kuchapisha.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaouza asali. Nembo yao ni nyuki mweusi. Waliagiza lebo 500 za rangi ya manjano. Zilipofika, kumbe nyuki amekaa ndani ya kisanduku cheupe, kama kiraka kwenye nguo! Mchapishaji akasema, "Nimechapisha kile nililetewa." Na ni kweli. Pesa zilikuwa zimeenda. Kosa lilikuwa wapi?

Jaribuni hivi mkutanoni

Chukueni karatasi nyeupe, mchore nyuki. Iwekeni juu ya leso ya manjano. Mnaona weupe pande zote? Sasa mkateni nyuki kwa makasi, mmrudishe juu ya leso. Manjano inafika mpaka kwenye mbawa zake. Huo ndio uwazi wa nembo. Kuna faili zinazokumbuka mahali makasi yalipita, na kuna zisizokumbuka.

Aina za faili

1. JPEG (au JPG). Kiwango chake kilitolewa mwaka 1992, kwa ajili ya picha za kamera. Haikumbuki uwazi hata kidogo. Mahali palipokuwa wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na wakati mwingine nyeusi. Hapa ndipo akina mama wale waliumia.

2. GIF. Hii hukumbuka uwazi, lakini kila nukta ni wazi kabisa au imezibwa kabisa. Kwa hivyo kingo za mviringo huweza kuonekana kama zina meno. Tena rangi zake hazizidi 256.

3. PNG. Ilitolewa mwaka 1996. Hukumbuka uwazi vizuri, hata ule wa nusunusu kama kivuli. Inafaa kwa lebo na barua. Lakini ikiwa ndogo, msiikuze kuwa bango, itavurugika.

4. SVG. Hii haihifadhi nukta, bali maelezo ya mistari na maumbo. Uwazi unabaki, na mnaweza kuikuza mpaka bango la barabarani bila kuharibika. Fundi akichora nembo, mwombeni hii pamoja na PNG.

Tujihadhari

Kugeuza JPEG kuwa PNG hakurudishi uwazi. Weupe ukishaingia, unahama nao. Lazima fundi aukate upya.

Mkituma nembo kwa WhatsApp kama picha, uwazi hupotea. Itumeni kama hati, au kwa barua pepe.

Kwenye programu za kuchora, sehemu iliyo wazi huonyeshwa kwa vyumba vyeupe na vya kijivu, kama ubao wa drafti. Vyumba hivyo havichapishwi. Vikitokea kwenye karatasi, jueni ni picha tu ya drafti, si uwazi.

Mwisho, kabla ya kulipia lebo zote, ombeni moja ya kuonja. Iwekeni kwenye chupa, wanachama waione.

Nani anatunza faili?

Mara nyingi nembo iko kwenye simu ya katibu peke yake. Simu ikipotea, nembo imepotea, na kikundi kinaanza kulipa upya. Kubalianeni na fundi kabla ya kumlipa kwamba atawapa faili ya asili. Wekeni nakala kwenye flashi ya kikundi na kwenye barua pepe ya kikundi, kisha muandike katika kumbukumbu za mkutano nani anazo. Sisi hudai uwazi katika hesabu za mweka hazina. Mali hii nayo ni yetu sote, isikae mkononi mwa mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Faili ya nembo yetu ni ya aina gani, na iko kwa nani?
2. Tukitaka fulana nyekundu kesho, nembo yetu itatokeaje?
3. Nani ataifuatilia faili ya asili kwa fundi, na ataleta habari lini?

Mungu abariki kazi za mikono yenu.