Nyumba ya babu Waithaka: tuanzie wapi?

SWALI: Baba zangu wadogo wako tayari kuniuzia nyumba ya marehemu babu hapa Waithaka. Hati miliki bado ina jina lake, na mabati yanavuja. Nianze na fundi?

JIBU: Hapana, dada. Anza na mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida hilo hungoja miezi 6 tangu msimamizi ateuliwe. Pata barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mabinti walioolewa ni warithi sawa na ndugu zao wa kiume. Shangazi akiachwa nje, ununuzi wako unaweza kubatilishwa. Kagua pia usajili wa ardhi hiyo kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Katika bajeti weka ushuru wa stempu: mjini ni asilimia 4 ya thamani, mashambani 2, na Waithaka imo ndani ya Nairobi.

Hati ikishakuwa na jina lako, mwite fundi. Tengeneza paa kwanza, kisha mifereji ipeleke maji mbali na msingi. Kuta zikiwa za udongo, zikandikwe kwa udongo. Plasta ya saruji hufungia unyevu ndani na kubanduka. Sehemu yoyote ya paa ikiwa ya asbesto, iliyopigwa marufuku mwaka 2006, usiivunje mwenyewe: tafuta mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Usilipe hata shilingi ya arbuni kabla warithi wote hawajatia sahihi mbele ya wakili.