Chakula cha Mti: Mas'ala ya Jani na Jua

Ama baadu. Ndugu msomaji, apitaye njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kwenda Tabora hata Ujiji, huona miembe mikubwa, ukumbusho wa wafanya biashara wa karne ya 19. Wengi katika sisi husema ya kuwa mti hula udongo. Neno hili si sahihi.

Lau mwembe ungekula udongo, chini yake pangekuwa na shimo la kadiri ya shina lake, wala shimo hatulioni. Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, alilipima jambo hili. Alipanda mche wa ratli 5 katika udongo mkavu wa ratli 200, akaunywesha maji miaka 5. Mti ukafika ratli 169, na udongo haukupungua ila wakia 2 hivi. Akahukumu ya kuwa mti wote ni maji. Habari yake ilichapwa mwaka 1648, naye amekwisha kufa. Hukumu hiyo ina kweli na ina upungufu, kwani hakuihesabu hewa.

Jua basi ya kuwa jani lina vitundu vidogo mno, na kwa hivyo huingia hewa ukaa, ambayo ni kama sehemu 4 tu katika 10,000 za hewa yote. Maji hupanda kutoka mizizini. Ndani ya jani mna rangi iitwayo klorofili. Hunasa mwanga mwekundu na wa buluu, na wa kijani huurudisha zaidi, ndipo jani tukaliona kijani. Kwa nguvu ya mwanga ule maji hupasuliwa: oksijeni hutoka, nasi twaivuta, haidrojeni huungwa na hewa ukaa kwa hatua nyingi, ikawa sukari. Sukari hiyo ndiyo asili ya embe, na ya ubao wa mninga, na ya asali waitafutayo warina wa Tabora.

Akiuliza muulizaji: twajuaje ya kuwa oksijeni hiyo yatoka katika maji, wala si katika hewa ukaa? Jawabu: dalili ya kwanza ilitoka kwa bakteria, viumbe visivyoonekana kwa jicho. Baadhi yao hunasa mwanga kama jani, lakini badala ya maji hutumia gesi yenye harufu ya yai viza, nao huacha kiberiti, wala hawatoi oksijeni. Cornelis van Niel, katika miaka ya 1930, akapima kwa kiasi, kama wafanyavyo watu wa usuli: ikiwa kwa hao kipasuliwacho ni gesi ile, basi kwa mimea ni maji. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, huko Marekani, waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito, na oksijeni nzito ikatoka. Kiasi kikathibiti.

Sasa tazama kuni. Tabora tumbaku hukaushwa kwa moto wa miombo. Gogo liunguapo, oksijeni huungana tena na vile vilivyoungwa na jani. Hurudi hewa ukaa na mvuke, na joto lile ni jua la miaka mingi, litumikalo kwa siku chache. Kisiki cha miombo huchipua tena, kwani mizizini mna akiba ya wanga. Lakini kikatwapo mara kwa mara, chipukizi halijapata majani ya kutosha, akiba hiyo huisha, na kisiki hufa.