Herufi X Husemaje? Somo la Kutamka Majina ya Mesoamerika Katika Michezo ya Njozi

Siku hizi vijana wengi wa shule za sekondari hukutana na majina ya lugha za mbali mahali ambapo walimu wao hawakuyatarajia, yaani katika michezo. Iko michezo ya kompyuta, iko ya karata, na iko ile ambayo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia nafsi ya mhusika katika kisa cha njozi, na mmoja wao akawa msimulizi na mwamuzi. Mchezo mashuhuri wa aina hii ya mwisho ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1976 mchezo huo uliongezewa kiumbe aitwaye couatl, nyoka mwenye mbawa. Na mwaka 1980 kikachapishwa kisa chake kiitwacho The Hidden Shrine of Tamoachan. Mwaka 1999 mchezo wa kompyuta wa Kijapani, Final Fantasy VIII, ulikuwa na kiumbe wa radi aitwaye Quezacotl. Mwaka 2017 mchezo wa karata Magic: The Gathering ukaleta nchi nzima ya kubuniwa iitwayo Ixalan, yenye shujaa wa kike Huatli.

Majina haya yametoka katika lugha za Mesoamerika, au yameundwa kwa kuziiga. Mesoamerika ni eneo linaloanzia Meksiko ya kati hadi Guatemala na nchi jirani, na jina lake lilitungwa na mtaalamu Paul Kirchhoff mwaka 1943. Lugha zake zinazotumiwa zaidi na watungaji wa michezo ni Kinahuatl, kilichokuwa lugha ya Waazteki, na lugha za jamii ya Kimaya. Wachezaji wengi huyasoma majina hayo kama kwamba ni ya Kiingereza, wakatamka "iks" na "kwe" pasipo sauti hizo.

Makala haya yana jambo moja la kufundisha: herufi haina sauti yake ya kuzaliwa nayo. Sauti ya herufi ni mapatano ya watu fulani, wa lugha fulani, katika wakati fulani. Basi anayetaka kutamka jina geni sawasawa hana budi kuuliza maswali matatu: Nani aliliandika? Aliliandika kwa desturi ya lugha gani? Aliliandika lini?

Walioandika ni nani?

Kabla ya kuja Wahispania, Waazteki walikuwa na maandishi ya picha na alama, na Wamaya walikuwa na hati yao kamili iliyoandika hata silabi za maneno. Mwaka 1519 Hernán Cortés alifika pwani ya Meksiko, na mwaka 1521 mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, ukaanguka. Baada ya vita wakaja mapadre wa Kihispania. Wengi wao walijifunza lugha za wenyeji na kuziandika kwa herufi za Kirumi, wakisaidiwa na wenyeji wasomi. Andrés de Olmos alimaliza sarufi ya Kinahuatl mwaka 1547, na Alonso de Molina alichapa kamusi yake mwaka 1555, kisha akaipanua mwaka 1571.

Mapadre hawa waliziandika sauti walizozisikia kwa herufi walizozizoea nyumbani. Kwa hiyo tahajia ya Kinahuatl ni masikio ya Mhispania wa karne ya 16 yaliyowekwa juu ya karatasi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunao mfano wa jambo hili hili, tena wa zama hizo hizo. Wareno, majirani wa Wahispania, waliouteka mji wa Kilwa mwaka 1505, waliuandika "Quiloa". Mtu asomaye Quiloa kwa Kiingereza ataanza kwa "kwi". Lakini Mreno aliandika qu kwa sababu hiyo ndiyo desturi yake ya kuandika sauti k mbele ya i. Mji haukubadilika jina. Kilichobadilika ni msomaji.

Kisa cha herufi x

Katika Kihispania cha miaka ya 1500, herufi x iliwakilisha sauti sh. Mapadre walipoisikia sauti sh ya Kinahuatl hawakuwa na haja ya kutafuta herufi nyingine. Ndiyo sababu wenyeji waliposema me-SHI-ko, wao waliandika Mexico. (Katika makala haya silabi yenye mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa.)

Baadaye sauti hiyo ilianza kuhama katika Kihispania chenyewe. Ilirudi nyuma kinywani, hata ikawa kh kama tunavyoisikia katika neno letu "subalkheri". Kwa hiyo Wahispania wa leo hutamka ME-khi-ko, na mji wa Oaxaca huuita wa-KHA-ka. Waingereza nao waliiona x wakaisoma ks, na jina letu "Meksiko" limefuata usomaji huo. Hivyo herufi moja ina sauti tatu, na kila moja ina historia yake.

Mwanafunzi mwenye fikra za kisayansi atauliza: twajuaje kwamba x ya kale ilikuwa sh? Ushahidi uko wa namna tatu. Kwanza, wasemaji wa Kinahuatl wangali hai, na mpaka leo ua huliita SHO-chitl, neno lililoandikwa xochitl. Pili, sarufi za zamani zinaeleza matamshi; iliyo bora kati yake ni ya Horacio Carochi ya mwaka 1645. Tatu, majirani wa Wahispania waliazima maneno yao kabla sauti haijahama. Riwaya ya Cervantes ilipotoka mwaka 1605 shujaa wake aliandikwa Quixote. Wafaransa wakamwita Quichotte, na ch ya Kifaransa ni sh. Shahidi wa nje, asiye na habari ya shauri letu, mara nyingi ndiye shahidi bora.

Kanuni za Kinahuatl

Habari njema kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba sauti nyingi za Kinahuatl anazo tayari. Irabu a, e, i, o zatamkwa kama zetu. Kanuni zilizobaki ni hizi:

1. x ni sh. Xochiquetzal, mungu wa kike wa maua, ni sho-chi-KE-tsal.

2. z ni s. Herufi c mbele ya e na i pia ni s. Kwingineko ni k. Cipactli, mnyama wa hadithi afananaye na mamba, ni si-PAK-tli.

3. qu mbele ya e na i ni k tu. Lakini cu mbele ya irabu ni kw: cuicatl, yaani wimbo, ni KWI-katl. Mwishoni mwa silabi sauti hiyo hiyo ya kw huandikwa cuh au uc. Kwa hiyo Mictlantecuhtli, bwana wa kuzimu, ni mik-tlan-TEKW-tli.

4. hu mbele ya irabu ni w, na mwishoni mwa silabi huandikwa uh. Nahuatl ni NA-watl. Cuauhtli, yaani tai, ni KWAW-tli.

5. tz ni ts, na ch ni ch yetu. Huitzilopochtli, mungu wa vita, ni wi-tsi-lo-POCH-tli.

6. ll ni l mbili zinazofuatana, wala si y kama katika Kihispania. Calli, yaani nyumba, ni KAL-li.

7. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama vile katika Kiswahili. Asemaye ki-TA-bu na MWA-na hana la kujifunza hapa.

Tukiziunganisha kanuni hizi, Quetzalcoatl hawezi kututisha tena. Ni quetzalli, manyoya ya thamani ya ndege quetzal, na coatl, nyoka: ke-tsal-KO-atl. Sasa tunaona pia watungaji wa michezo walifanya nini. Couatl ni nusu ya pili ya jina hili iliyosimama peke yake. Quezacotl ni jina hilo hilo lililopunguzwa herufi. Tamoachan nayo ni Tamoanchan, mahali patukufu katika masimulizi ya Waazteki, iliyopotewa na n moja njiani.

Hata hivyo tahajia ya mapadre haikukamilika. Mara nyingi haikuonyesha urefu wa irabu, ingawa metztli yenye e ndefu ni mwezi na yenye e fupi ni paja. Sisi huandika "kata" na "kataa" ili mtu asichanganyikiwe. Wao waliiacha kazi hiyo kwa msomaji anayeijua lugha.

Sauti tl

Sauti moja tu ya Kinahuatl itamsumbua msemaji wa Kiswahili, nayo ni tl. Hii si t ikifuatwa na l, bali ni sauti moja. Gusisha ncha ya ulimi kwenye ufizi kama utakaye kutamka t. Kisha, bila kuiondoa ncha hiyo, shusha kando za ulimi ili pumzi ivume pembeni. Nyuzi za sauti zisitetemeke. Kwa lugha ya wanaisimu, sauti hii ni sighuna. Tena usiitilie irabu mwishoni: coatl ina silabi mbili, KO-atl, si nne.

Wahispania wenyewe waliishindwa sauti hii mwishoni mwa neno, wakaibadili. Tomatl ikawa tomate. Na cacahuatl, mbegu ya mkakao, ikawa cacao. Neno hilo la pili limefika mpaka kwetu, nasi twaita kakao zao lilimwalo Kyela, mkoani Mbeya. Mkulima wa huko hutaja neno la Waazteki kila msimu wa mavuno.

Lakini Tanzania haikosi kabisa sauti za namna hii. Kiiraqw, lugha ya Mbulu na Karatu, kina sauti yake iandikwayo tl, kama katika jina la mahali Tlawi, wilayani Mbulu. Tofauti ni kwamba tl ya Kiiraqw hutamkwa koo likiwa limefungwa, pumzi ikasukumwa kwa kishindo. Ile ya Kinahuatl haina kishindo hicho. Hata hivyo ulimi hukaa karibu namna moja. Mwalimu mwenye mwanafunzi aliyekulia Mbulu anaye darasani mtaalamu wa kuwafunza wenzake.

Majina ya Kimaya

Lugha za Kimaya ni jamii nyingine kabisa, wala hazina undugu na Kinahuatl; hapa x ni sh vilevile, kwa sababu waandishi walikuwa wale wale. Majina mengi ya michezoni yametoka katika Popol Vuh, kitabu cha masimulizi ya Wak'iche' wa Guatemala, kilichotufikia kwa nakala ya padre Francisco Ximénez ya mwanzoni mwa karne ya 18. Katika Kik'iche' mkazo huenda silabi ya mwisho. Xibalba, nchi ya kuzimu, ni shi-bal-BA. Mashujaa pacha Hunahpu na Xbalanque ni hu-nah-PU na shba-lan-KE. Camazotz, popo wa mauti, ni ka-ma-SOTS.

Tahajia ya sasa ya Guatemala, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1987, huandika Popol Wuj, na j yake ni kama kh yetu. Huweka pia ritifaa baada ya konsonanti, kama k' na tz'. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari: ritifaa hii si ile ya ng'ombe. Huonyesha kwamba konsonanti hutamkwa koo likiwa limefungwa, kama ile tl ya Kiiraqw tuliyoitaja.

Majina ya kubuniwa

Je, Ixalan na Huatli? Haya hayana mwenyeji wa kumwuliza. Mtungaji ana haki ya kuyatamka apendavyo. Tunachoweza kusema ni jinsi ambavyo yangetamkwa kama yangekuwa majina halisi: kwa Kinahuatl i-SHA-lan, kwa Kik'iche' i-sha-LAN, naye Huatli angekuwa WA-tli. Katika mchezo huo jua lina nafsi tatu, na mojawapo huitwa Kinjalli. Mwanzo wake unafanana na k'in, neno la Kimaya la jua na siku. Mwisho wake wafanana na majina ya Kinahuatl. Jina kama hili halina kanuni moja, maana limeunganishwa na lugha mbili.

Lakini Quetzalcoatl, Xibalba na Tlaloc si mali ya mtungaji wa mchezo. Hesabu ya watu ya Meksiko ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wasemaji wa Kinahuatl wanazidi milioni 1.6, nao wasemaji wa Kik'iche' ni zaidi ya milioni moja. Sheria ya Meksiko ya mwaka 2003 ilizitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa. Mtoto wa Kinahua aendaye shuleni leo huweza kulisikia jina la wazee wake likivurugwa, kama sisi tulivyosikia Malindi ikiitwa Melinde. Kulitamka jina la watu kama walitamkavyo wenyewe ni adabu, nayo adabu hii yahitaji ujuzi.

Mazoezi

1. Tamka majina haya, ukitaja kanuni uliyotumia: Tlaloc, Xolotl, Tezcatlipoca, Cuauhtemoc, Popocatepetl. Kisha tamka Ixchel kwa mkazo wa Kik'iche'.

2. Tafuta katika ramani za kale majina matatu ya Afrika Mashariki yaliyoandikwa na wageni. Kwa kila moja, jibu yale maswali matatu: nani, kwa lugha gani, lini?

Majibu ya zoezi la 1: TLA-lok, SHO-lotl, tes-ka-tli-PO-ka, kwaw-TE-mok, po-po-ka-TE-petl, ish-CHEL.